Jaji Joyce Aluoch: Kutoka korti za Nairobi hadi The Hague

JOYCE Aluoch ni mwanasheria wa Kenya ambaye kwa miaka tisa, kuanzia Machi 11, 2009 hadi Machi 2018, alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu wa Jinai (ICC) iliyoko The Hague, Uholanzi. Katika miaka mitatu ya mwisho ya kipindi hicho alikuwa Naibu Rais wa Kwanza wa mahakama hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa hakimu, kisha jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya kwa zaidi ya miaka 20, na hatimaye jaji wa Mahakama ya Rufaa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ilikuwa ile ya jaji wa kesi za mwanzo, yaani jaji anayeketi mbele ya mashahidi wenyewe, akasikia sauti zao, akawaona wakisitasita, wakilia au wakijikanganya, kisha akaamua ni yupi wa kuaminiwa. Jaji wa rufaa huletewa maandishi. Jaji wa kesi za mwanzo huletewa watu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuamua hatima ya kesi kubwa kuliko zote alizowahi kusikiliza, ile ya Jean-Pierre Bemba wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

ELIMU NA MWANZO WA KAZI

Bi Aluoch alizaliwa Oktoba 22, 1947. Alisomea shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akapata stashahada katika Taasisi ya Mafunzo ya Sheria ya Kenya, ambako kila anayetaka kuwa wakili nchini hana budi kupitia.

Alijiunga na Idara ya Mahakama akiwa hakimu katika miaka ya 1970. Wakati huo mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha hakimu alikuwa jambo la kutazamwa mara mbili. Ni Effie Owuor aliyekuwa ametangulia kuifungua njia, akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jaji Aluoch aliteuliwa katika mahakama hiyo hiyo mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 35 hivi.

Muongo huo haukuwa mwepesi kwa majaji. Mwaka 1988 Bunge liliibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kikatiba wa ajira yao, wakabaki kazini kwa hiari ya Serikali. Ulinzi huo ulirejeshwa mwaka 1990 baada ya malalamiko mengi ndani na nje ya nchi.

Mtikisiko mwingine ulikuja mwaka 2003, serikali mpya ya NARC ilipoanzisha msako wa ufisadi katika mahakama. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Jaji Aaron Ringera iliwataja majaji 23 wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na wengi wao wakaacha kazi. Jaji Aluoch aliendelea kuhudumu.

KITENGO CHA FAMILIA

Akiwa Mahakama Kuu, ndiye aliyekuwa jaji wa kwanza kuongoza Kitengo cha Familia jijini Nairobi. Kwa mtu wa kawaida, hicho ndicho kitengo kilichokuwa karibu zaidi na maisha yake kuliko vingine vyote.

Huko ndiko zilikosikizwa kesi za talaka, za malezi ya watoto, za kuasili watoto na, zaidi ya zote, za urithi. Chini ya Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, hakimu alikuwa na uwezo wa kushughulikia mali ya marehemu isiyozidi Sh100,000 pekee, na kiwango hicho kilidumu kwa miaka mingi huku bei ya ardhi ikipanda.

Mjane wa Mugutha, karibu na Ruiru, aliyezozana na mashemeji kuhusu kipande cha shamba alichoacha mumewe, angeweza kujikuta na mali inayozidi kiwango hicho mara kumi, na hivyo kulazimika kutafuta haki katika Mahakama Kuu. Kadiri mashamba ya eneo hilo la Ruiru na Thika yalivyokatwakatwa kuwa ploti na kuuzwa, ndivyo mizozo ya aina hiyo ilivyoongezeka.

Sheria yenyewe haikumpa mjane huyo ngao kamili. Alikuwa na haki ya kuitumia mali ya marehemu katika uhai wake, lakini haki hiyo ilikoma akiolewa tena. Juu ya hayo, Katiba ya zamani ilipiga marufuku ubaguzi, kisha katika kifungu cha 82 ikaacha mlango wazi kwa sheria na mila zinazohusu ndoa, talaka, mazishi na urithi. Ni Katiba ya mwaka 2010 iliyoufunga mlango huo.

Jaji wa familia wa miaka hiyo alifanya kazi katikati ya mgongano huo, kati ya maandishi ya sheria, desturi za ukoo na mama aliyesimama mbele yake akiwa na watoto.

MTETEZI WA WATOTO

Kutokana na kazi hiyo, jina lake lilianza kusikika nje ya Kenya. Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto uliidhinishwa na viongozi wa bara mwaka 1990 lakini ukaanza kutumika Novemba 29, 1999. Mkataba huo unatamka wazi kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, na unapiga marufuku kumwoza.

Ili kusimamia utekelezaji wake, kuliundwa kamati ya wataalamu 11. Jaji Aluoch alichaguliwa katika kamati hiyo ya kwanza mwaka 2001 na akawa mwenyekiti wake mwanzilishi. Alihudumu humo hadi mwaka 2005.

Mwaka 2003 alijiunga pia na Kamati ya Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, wakati ambapo idadi ya wanachama wake iliongezwa kutoka 10 hadi 18. Kazi ya kamati hiyo ni kuzihoji serikali, moja baada ya nyingine, kuhusu jinsi zinavyowatunza watoto wake. Alifikia wadhifa wa naibu mwenyekiti na akabaki humo hadi alipokwenda The Hague.

Nyumbani, Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 baada ya mjadala mkali ulioanzishwa na mswada wa mbunge mteule Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo iliongeza adhabu za ubakaji na kuweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake.

Lakini sheria kwenye karatasi haimlindi mtu. Polisi walihitaji kujua namna ya kupokea malalamiko, madaktari namna ya kuhifadhi ushahidi, na mahakama namna ya kumsikiliza mlalamishi bila kumdhalilisha mara ya pili. Jopokazi liliundwa kusimamia utekelezaji huo, na Jaji Aluoch akawa mwenyekiti wake.

Wakati huo wote hakuacha kusoma. Mwaka 2008, akiwa amekwisha kutimiza miaka 60, alihitimu shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa kutoka Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani.

KUCHAGULIWA ICC

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Roma, ulioiunda ICC, Machi 15, 2005. Majaji 18 wa mahakama hiyo huchaguliwa na mataifa wanachama kwa kura ya siri na huhudumu kwa miaka tisa bila kuruhusiwa kugombea tena.

Katika uchaguzi wa Januari 2009, Jaji Aluoch alikuwa miongoni mwa sita waliopata nafasi. Wengine walikuwemo Sanji Monageng wa Botswana na Christine van den Wyngaert wa Ubelgiji. Majina hayo mawili yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa miaka tisa baadaye wawili hao waliipima hukumu yake na kutofautiana juu yake.

Hakuwa ametulia vyema katika kiti chake kabla Kenya yenyewe haijafika mbele ya ICC. Mnamo Desemba 2010 kiongozi wa mashtaka, Luis Moreno-Ocampo, aliwataja Wakenya sita kuhusiana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Jaji Aluoch hakuketi katika jopo lolote lililosikiliza kesi hizo.

Kelele za nyumbani hata hivyo zilimfikia kila Mkenya aliyefanya kazi The Hague. Septemba 2013 wabunge wa Kenya walipiga kura kutaka nchi ijiondoe katika Mkataba wa Roma. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na mwanahabari Joshua Sang ikakatizwa Aprili 5, 2016. Kenya haikujiondoa.

KESI YA DARFUR

Jaji Aluoch aliongoza jopo la kesi ya Abdallah Banda na Saleh Jerbo, viongozi wa waasi wa Darfur, Sudan. Walishtakiwa kwa shambulio la Septemba 29, 2007 katika kambi ya Haskanita, ambako wanajeshi 12 wa kulinda amani wa Umoja wa Afrika waliuawa.

Kesi hiyo ilikwama katika jambo ambalo wengi hawakulitarajia, nalo ni lugha. Washtakiwa walizungumza Kizaghawa, lugha isiyo na mapokeo makubwa ya maandishi, na sheria inamtaka mshtakiwa aelewe kikamilifu anachoshtakiwa. Mahakama ililazimika kutafuta watu na kuwafundisha ukalimani tangu mwanzo.

Kesi dhidi ya Jerbo ilisitishwa Oktoba 2013 kufuatia taarifa kwamba alikuwa ameuawa. Banda, ambaye awali alikuwa amefika kwa hiari yake, hakurudi, na Septemba 11, 2014 jopo likatoa kibali cha kumkamata. Hadi Jaji Aluoch alipomaliza muda wake, kibali hicho kilikuwa hakijatekelezwa.

KESI YA BEMBA

Kesi ya Bemba ndiyo iliyomchukulia muda mrefu zaidi. Bemba, aliyekuwa mmoja wa makamu wanne wa rais wa Congo, alikamatwa karibu na jiji la Brussels Mei 24, 2008. Alidaiwa kwamba akiwa kamanda wa kundi la MLC aliwapeleka wapiganaji wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, wamsaidie Rais Ange-Félix Patassé dhidi ya waasi wa François Bozizé.

Kati ya Oktoba 2002 na Machi 2003, wapiganaji hao waliua, walibaka na kupora raia. Bemba hakushtakiwa kwa kutenda uovu huo kwa mikono yake. Alishtakiwa kama mkuu aliyejua vijana wake wanafanya nini na hakuchukua hatua za kutosha kuwazuia wala kuwaadhibu.

Kesi ilianza Novemba 22, 2010 mbele ya Sylvia Steiner wa Brazil, aliyeongoza jopo, Joyce Aluoch wa Kenya na Kuniko Ozaki wa Japani. Jopo lote lilikuwa la wanawake.

Kwa miaka minne walisikiliza mashahidi 77. Wengi walizungumza Kisango, maneno yao yakafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na baadhi yao walifichwa nyuso na kubadilishwa sauti ili wasitambuliwe na jirani zao. Jumla ya waathiriwa 5,229 waliruhusiwa kushiriki katika kesi kupitia mawakili wao. Miongoni mwa waliobakwa walikuwamo wanaume pia.

Machi 21, 2016 jopo lilimtia hatiani kwa kauli moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ICC kumhukumu mtu kwa makosa ya ubakaji, na mara ya kwanza kumhukumu kamanda kwa matendo ya walio chini yake.

Majaji walifafanua kwamba pale mtu anapoingiliwa kwa mtutu wa bunduki au kwa vitisho, upande wa mashtaka haulazimiki kuthibitisha tena kwamba hakuridhia. Kwa yeyote aliyewahi kuona mwanamke akihojiwa kortini kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa, ufafanuzi huo ulikuwa na uzito mkubwa.

Juni 21, 2016 Bemba alifungwa miaka 18. Upande wa mashtaka ulikuwa umeomba isipungue 25. Majaji walisema ubakaji ulifanywa kwa ukatili wa kupindukia dhidi ya watu wasio na namna ya kujitetea.

HUKUMU YAPINDULIWA

Jaji Aluoch alikwisha kuondoka mahakamani pale Jopo la Rufaa lilipotoa uamuzi wake, Juni 8, 2018. Kwa kura tatu dhidi ya mbili, Bemba aliachiliwa baada ya kukaa kizuizini kwa miaka kumi.

Majaji watatu, akiwemo Van den Wyngaert, walisema mambo mawili. Kwanza, baadhi ya matendo aliyohukumiwa kwayo hayakuwa ndani ya mipaka ya mashtaka yaliyoidhinishwa. Pili, jopo la kwanza halikuzingatia vya kutosha ugumu wa kamanda aliye mbali, katika nchi nyingine, kuchunguza na kuadhibu askari wake.

Walikwenda mbali zaidi. Kwa desturi, majaji wa rufaa huheshimu matokeo ya aliyewaona mashahidi, na hawayagusi isipokuwa pale ambapo hakuna jaji mwenye busara angeweza kuyafikia. Majaji hao watatu walisema wanaweza kuingilia hata pale mtu makini anapoweza kueleza shaka nzito kuhusu usahihi wake.

Monageng, mwenzake Jaji Aluoch wa uchaguzi wa 2009, na Piotr Hofmański wa Poland walikataa. Kwao, wenzao walikuwa wameacha kipimo kilichozoeleka na kujifanya majaji wa kesi ya mwanzo bila kuusikiliza ushahidi, na hukumu ya hatia ilistahili kubaki.

Wanasheria wamegawanyika hadi leo. Wanaounga mkono uamuzi wa rufaa husema mtu hafungwi miaka 18 kwa ushahidi wenye shaka, hata uhalifu uwe wa kutisha namna gani, na kwamba mshtakiwa ana haki ya kujua kwa usahihi anashtakiwa kwa lipi. Wanaoupinga huuliza kuna haja gani ya kusikiliza mashahidi 77 kwa miaka minne ikiwa watu ambao hawakuwaona wanaweza kusoma maandishi na kufikia neno tofauti.

Jambo moja halikubishaniwa sana, nalo ni kwamba uhalifu ulitendeka. Rufaa iligeuka juu ya wajibu wa Bemba, si juu ya iwapo wanawake na wanaume wa Bangui na miji mingine walibakwa. Lakini kwa kuwa hapakuwa tena na mwenye hatia, fidia ambayo mahakama ingemwamuru alipe ilikufa pamoja na kesi. Hazina ya ICC ya kuwasaidia waathiriwa ilitangaza kwamba ingeanzisha mpango wa misaada nchini humo.

Bemba mwenyewe alirejea Kinshasa Agosti 2018, na Machi 2023 akateuliwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi.

UONGOZI NA KURUDI NYUMBANI

Machi 2015 majaji wenzake walimchagua Aluoch kuwa Naibu Rais wa Kwanza wa ICC, chini ya Silvia Fernández de Gurmendi wa Argentina. Naibu wa pili alikuwa Ozaki. Kwa mara nyingine, viti vyote vitatu vya uongozi vilishikwa na wanawake.

Ulikuwa wakati mgumu kwa mahakama hiyo barani Afrika. Mwaka 2016 Burundi, Afrika Kusini na Gambia zilitangaza kujiondoa. Mbili za mwisho zilibadili nia, lakini Burundi ilitoka rasmi Oktoba 27, 2017. Kuwepo kwa Mwafrika katika ngazi ya juu ya uongozi hakukuzima lawama kwamba mahakama inawaandama Waafrika, ila kuliwapa watetezi wake jibu moja zaidi.

Baada ya Machi 2018 alirejea Kenya na kujihusisha na upatanishi, yaani kuwasaidia wanaozozana kuafikiana bila hukumu. Mahakama za Kenya zilianza kujaribu utaratibu huo mwaka 2016 katika korti za Milimani, Nairobi, zikianzia Kitengo cha Biashara na kile cha Familia alichokiongoza zamani.

Kesi za urithi ni miongoni mwa zile zinazopelekwa huko, ambapo mjane na mashemeji huketi meza moja na mpatanishi na kusikilizana kabla ya shauri lao kurudishwa kwa jaji.